Karatasi ya Mlangoni kwa Seneta Hulsing

Arlys Van Roekel alijaza karatasi ya mlangoni kwa mara ya tatu asubuhi hiyo: jina la seneta, jina lake, namba ya mswada. Akamkabidhi Verlyn, bawabu mzee wa ukumbi wa seneti, naye akaingia nayo. Ndivyo mambo yalivyo pale Des Moines, kwenye bunge la jimbo. Raia hatii mguu ukumbini. Anatuma karatasi, kisha anasubiri nje kwenye marumaru mpaka mkubwa aamue kutoka au asitoke. Arlys alikuwa amesubiri hivyo kila majira ya baridi kwa miaka kumi na tisa. Miguu ilikuwa imemvimba, na hamu ilishamwisha zamani.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Mswada usiopata sahihi mbili za kamati ndogo kabla ya saa sita mchana unakufa, basi. Huu wa kwao, wa Chama cha Familia, ulitaka wazazi wenye watoto wadogo wangoje mwaka mzima na kupewa ushauri kabla mahakama haijawapa talaka, na mwaka huo wote asiwepo wa kumtoa mwenzake nyumbani. Sahihi moja ilikuwapo. Ya pili ilikuwa mikononi mwa Brent Hulsing, ambaye Arlys alimfundisha shule ya Jumapili enzi zile bado mtoto wa kula gundi.

Mwanzoni mswada ulikuwa na kifungu cha kuwasamehe masharti hayo wanawake wanaopigwa na waume zao. Wiki iliyopita kikakatwa, ili hiyo sahihi ya kwanza ipatikane; mwenyekiti wa chama alisema kila mtu angejidai amepigwa. Arlys alikuwepo kikaoni. Alitaka kusema, akaona uvivu wa mabishano mengine, akamalizia biskuti yake akanyamaza. Uchovu jamani ni kitu kibaya.

Saa tano na dakika ishirini Brent akatoka, faili kwapani, kalamu mkononi.

“Mwalimu, bado upo tu? Utaota mizizi hapa.”

Alimwambia kwamba simu za wachungaji na za mawakili zimemtoa roho, hajui tena amsikilize nani. Atatia sahihi kwa sababu moja tu: yeye Arlys ndiye aliyemwomba, na hajawahi kumdanganya. Kisha akashusha sauti.

“Nijibu moja. Kendra wako alipomkimbia mumewe Troy, sheria hii ingekuwepo, ingekuwaje?”

Kanisani wote walijua binti huyo wa Arlys aliondoka kwa ukaidi, na ni mama mtu aliyewaacha waamini hivyo kwa miaka tisa. Angeweza kujibu kwamba wangepatana. Neno moja tu, na miaka yote ile ya kusimama isingepotea bure. Aliitazama ile kalamu, akaitamani kweli kweli.

“Angekufa, Brent,” alisema. “Alikuwa na alama za vidole shingoni. Na mimi nikamwambia arudi, avumilie.”

Brent akauliza kama kile kifungu hakiwezi kurudishwa. Wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Waandishi wa miswada huhitaji siku mbili.

“Kwa hiyo nisitie?”

“Usitie, mwanangu.”

Brent akamshika bega, akarudi ndani. Saa sita mswada ukafa. Mwenyekiti akapiga simu mara tatu, Arlys hakupokea. Aliendesha gari kwa muda wa saa nne kurudi kwao kaskazini, theluji chafu ikiwa imefunika mashamba ya mahindi, redio ameizima.

Alikuwa hajavua hata koti Kendra alipopiga. Kendra hakuupenda mswada huo hata siku moja, lakini kila mwaka siku kama hiyo humpigia mama yake amuulize.

“Umepita?”

“Umekufa.”

“Pole, mama. Safari hii nani kauua?”

Arlys akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. Hili hakutaka lilale tena.

“Mimi,” alisema. “Kendra, siku ile ulipokuja na skafu shingoni, nilipaswa kukwambia ubaki hapa kwangu.”

Kendra akamuuliza kama amekula.