Kidole cha Kabula

Enzi zetu kidole kilikuwa na sheria zake. Hukumnyooshea mtu mzima, hukunyooshea kaburi, wala boga changa shambani, maana lingeoza kabla ya kukomaa. Na kubwa kuliko zote, kwetu Nyakisasa, hukunyooshea kidole maji yakiwa yanawaka. Wenzangu mliokulia milima ile ya Ngara mnajua ninachosema, na huenda sasa hivi mmeshakunja ngumi bila kujijua.

Kwa asiyejua, juu ya bonde letu kuna jabali refu linalotazama magharibi. Kiangazi ni jiwe tu lenye doa jeusi, mbuzi wanalala chini yake. Masika ikikolea, kijito kinazaliwa kule juu na kuporomoka jabalini, maji membamba, marefu. Siku nyingi ni maji ya kawaida. Ila kulikuwa na jioni chache, mvua zikielekea kuisha, ambapo jua kabla ya kuzama lilichungulia katikati ya vilima viwili vya upande wa pili, na mwanga wake ukayapata yale maji peke yake. Jabali linabaki giza, maji yanakuwa mekundu kama kaa lililopulizwa, juu mpaka chini. Lakini ilitakiwa mvua iwe imenyesha na wingu liwe limeondoka, na hao wawili hawapatani kirahisi, kwa hiyo miaka mingine hatukuona kitu. Bibi yangu mzaa baba, aliyepima kila jambo kwa rozari, alisema moto ule haumalizi fungu moja. Ukifika Salamu Maria ya nane, umezimika.

Tuliuona tukitoka kuteka maji. Kila jioni tulishuka bondeni na vidumu, miguu mitupu, tope likitupenya katikati ya vidole, na tuliporudi tulichomeka tawi la majani mdomoni mwa kidumu ili maji yasitumwagikie mgongoni. Moshi ulipenya kwenye mapaa ya nyasi, na harufu ya ndizi zinazochemka na maharage ilituvuta kupanda mlima kuliko fimbo yoyote. Siku hizi bomba liko mlangoni, na mtoto ukimwambia akinge ndoo anakutazama kana kwamba umemtuma Rwanda kwa miguu.

Kabula alikuja tukiwa darasa la tatu. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wengi, wakajenga chini bondeni. Aliniambia jina lake kwa Kisukuma ni la mtoto wa mvua, nami nikamwonea wivu, kwa kuwa langu nilipewa na padri. Tukawekwa dawati moja. Sisi tulisema "kidore", yeye alisema "lafiki", na mwalimu wa Kiswahili alizeeka kabla ya wakati wake. Mama hakunikataza, ila alinionya: "Cheza naye, Konsolata, lakini usije ukawaonyesha ng'ombe wao njia ya maharage yangu." Nilimpenda sana Kabula. Watoto wengine wote niliocheza nao walikuwa ndugu zangu. Huyu nilimchagua mwenyewe.

Basi jioni moja mvua ilikuwa imekatika ghafla, tukiwa tunapanda na vidumu, na mtu wa mbele akasema, "Yanawaka." Wote tukasimama, tukanyoosha ngumi kama ilivyo desturi. Kabula hakuwahi kuyaona. Kwa kuwa tulisema yanawaka, alikuwa anatafuta moshi.

"Wapi?" akauliza.

"Pale."

"Pale wapi?"

Ngumi haina ncha. Ukiinyoosha inaonyesha nusu ya mlima. Nikajaribu kidevu, nikajaribu kiwiko, yeye anatazama mikaratusi ya kilele kingine kabisa. Na giza lilikuwa limeshaanza kupanda kutoka chini ya jabali, likiyazima maji kidogo kidogo. Nilijua mwakani huenda yasiwake. Nikamshika bega, nikanyoosha kidole cha shahada. "Pale."

Akayaona. Kidumu kilimponyoka, maji yakamwagika yote, wala hakugeuka.

Nilipotazama nyuma, wenzangu walikuwa wamerudi hatua mbili, kama mtu anavyomkwepa mwenye tetekuwanga. "Konsolata amenyoosha kidole," mmoja akasema. Hapo ndipo nilipokumbuka, nikaanza kulia. Mwenye kunyoosha, kidole chake kilikauka kikakatika. Hilo kila mtoto alilijua, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri darasani. Mwalimu aliniitaga ubaoni kumwandikia.

Kabula akaniuliza nalilia nini, nikamweleza. Akalitazama jabali. Juu kabisa kilikuwa kimebaki kipande cha mwanga, si kikubwa kuliko upana wa kitenge. Akanyoosha kidole chake, akakiacha pale mpaka mwanga ukaisha.

"Sasa ni viwili," akasema. "Chako kikikatika na changu kinakatika. Tutaandika kwa kushoto."

Wenzetu walituambia dawa ni kuking'ata mara kumi. Nilikiuma changu mpaka meno yakaacha alama. Kila asubuhi, kabla ya kengele, tulikaguana. Wiki ikapita, vyote vizima, tukaanza kusahau. Kisha kidole cha Kabula kikavimba.

Mtu mzima angesema ni mdudu wa kidole, ule usaha unaokaa pembeni ya ukucha. Sisi hatukuwa watu wazima. Siku ya tatu Kabula hakuja shule, na ya nne hakuja. Nilikaa peke yangu dawatini nikijua kwamba adhabu imekosea njia. Ilikuwa inakuja kwangu, ikaingia kwake. Jioni nilimwendea Bibi jikoni nikamwambia yote.

Niliingojea fimbo. Bibi aliweka chini kisu cha kumenyea, akafunga chumvi kwenye pindo la kitenge, akachukua wembe mpya, akaniambia twende. Tukashuka kwa akina Kabula, mahali ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga kwa sababu ya ng'ombe na maharage. Kabula alikuwa amekaa mlangoni na mkono wake mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lete kidole."

Mama yake alichemsha maji, Bibi akatia chumvi, akakiloweka kidole mpaka kikalainika, kisha akakipasua kwa wembe. Kabula alilia kwa sauti moja tu, ndefu. Ilipokatika akauliza, "Kitakatika?"

Bibi alikuwa anajifuta mikono. Akanyoosha kidole chake cha shahada, kilichopinda kwa jembe, akakitazama. "Hiki kilimwonyesha babu yake Konsolata maji yale yale, kabla hajanioa. Alikuwa hayaoni, mzembe yule."

"Kikakatika?"

"Bado nasubiri," akasema Bibi.

Mama Kabula alicheka mpaka akashika ukuta. Tukarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, na kesho yake, Kabula alipopelekwa zahanati kuchomwa sindano, Bibi alipeleka mkungu wa ndizi. Ng'ombe waliendelea kuingia kwenye maharage, sitawadanganya. Ila tangu hapo Mama alinituma mimi nikapige kelele kwa akina Kabula, badala ya kwenda kushtaki kwa mwenyekiti.

Tulipomaliza la saba, akina Kabula walihamia Biharamulo kufuata malisho. Hiyo ilikuwa kabla Benaco, ile kambi ya wakimbizi, haijawa jina la kwenye redio. Tukapotezana miaka mingi, mpaka binti yangu aliponitafutia namba yake kwenye simu, kwa hiyo siwezi kuzisema vibaya sana simu. Masika hii Kabula alikuja kunitembelea na mjukuu wake wa kike, wa miaka sita, nami nikawapeleka kwenye njia yetu ya zamani.

Tulikuta vijana wengi, wamekuja na bodaboda. Siku hizi watu husikia yanawaka hata kabla hayajawaka. Maji yalipowaka, wote wakayapa mgongo, wakainua simu, wakatengeneza midomo. Mmoja alisema atayaongezea wekundu akifika nyumbani. Sisi hatukuwa na kitu cha kuyabebea, ndiyo maana tuliyatazama mpaka mwisho. Hata hivyo nilifurahi kuona jabali halijasahau kazi yake.

Mjukuu wa Kabula alikuwa amekazana kuchungulia kioo cha simu ya kijana wa mbele. "Wapi, bibi? Siyaoni."

Giza lilikuwa limeshaanza kupanda. Sikumbuki nani alianza. Ninachojua ni kwamba vidole viwili vya shahada vilinyooka pamoja juu ya kichwa cha yule mtoto, changu na cha Kabula chenye ukucha uliopinda.

"Pale."

Akayaona. Aliyatazama mpaka yakazimika, na ndipo Kabula alipomsimulia ile sheria yetu. Mtoto akatazama vidole vyetu, kimoja kimoja.

"Kwani havikatiki?"

Kabula akanitazama. "Bado tunasubiri," akamjibu.

Yule mtoto akafikiri. Jabali lilikuwa jeusi tayari, lakini akanyoosha na chake.