Vitufe Vilivyomwakia Mjane

Mwanangu tulimzika kijijini, upande wa Njombe, lakini matanga tuliyaweka nyumbani kwake Makambako, alikofanyia biashara ya viazi. Simu yake hatukuizima. Enzi hizo simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimetufikia, na wateja wake wengi wa Dar es Salaam hawakuwa na habari. Ilikaa juu ya meza chini ya dirisha, na kila ilipolia sebule nzima iliigeukia. Sauti yenye uchangamfu ingeuliza, "Bosi, mzigo umefika wapi?" na mmoja wetu alilazimika kueleza kwamba bosi hayupo tena.

Kisha ukazuka uvumi. Wanaume walipoipokea pale dirishani, vitufe vyake havikuwaka. Alipopelekewa mkamwana wangu, viliwaka vyote. Yeye, kwa desturi ya mjane, aliketi kwenye godoro pembeni, amefunikwa blanketi zito kuanzia kichwani, naye aliipokea humo ndani.

Dada yangu, shangazi wa marehemu, hakuhitaji ushahidi zaidi.

"Kaka, mwanao anammulika aliyemmaliza. Siku ya kuondoa matanga huyu arudi kwao Makete. Watoto watabaki na sisi."

"Nani ameona hayo?"

"Wote wameona!"

"Wote si mtu. Nitajie mmoja."

"Mimi hapa!"

"Wewe umeona taa. Marehemu hujamwona."

"Haya, mwalimu. Endelea kutufundisha, hata kwenye msiba huu."

Nilifundisha sayansi kwa miaka mingi, na sijapata kuheshimu neno la kusikia. Hata hivyo, simu ilipolia tena nami nikiwa nimeketi mkabala na mkamwana wangu, niliona mwanga wa samawati ukipanda ndani ya blanketi na kumgusa kidevu. Kwa muda nilikuwa nikimtafuta mwanangu katika mwanga ule, na sikuwa na haraka ya kuacha.

Kilichonirudisha ni yule mwanamke mwenyewe. Alikuwa karibu kunyang'anywa watoto kwa sababu ya taa.

Kesho yake mchana, ukoo ulipokutana, nilimwomba mmoja wetu aibipu simu ile. Niliishika dirishani: kioo kiliwaka, vitufe vikabaki gizani. Nikaomba ibipiwe tena, nikajifunika blanketi gubigubi.

"Jamani, kaka amekuwa mwali!" dada yangu akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke makaburini.

Lakini ndani ya blanketi vitufe viliwaka. Nilipokuwa nikiigeuzageuza, niliona juu ya kioo kidoa cheusi, kidogo kama kichwa cha pini. Nilirudi dirishani nikakiziba kwa dole gumba. Vikawaka. Nikaliondoa, na baada ya kitambo vikazima.

"Hapa pana kitu kinachopima mwanga," niliwaambia. "Penye mwanga wa kutosha kinazuia taa ya vitufe, betri isiliwe bure. Penye giza kinairuhusu. Hakimjui mtu."

Dada yangu alininyang'anya simu, akaiingiza ndani ya kitenge chake mwenyewe, akaamuru ibipiwe. Ilimwakia. Aliitupa kwenye kochi kana kwamba imemuunguza.

"Na wewe umemmaliza?" nikamuuliza.

Alijifunga kitenge chake upya. Wazee walikubaliana kwamba mjane atakaa nyumbani kwake pamoja na watoto wake, na kikao kikafungwa.

Watu walipotawanyika, mkamwana wangu aliniita kutoka pale pembeni.

"Baba, mimi nilikuwa namsemesha. Wakikata simu, kabla taa haijazima, namwambia watoto wamekula, au mdogo leo hakulia." Aligeukia kochi ilikokuwa simu. "Kwa hiyo si yeye?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua.

"Si yeye, mwanangu."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba kwa mara ya pili. Akalivua blanketi, akaiendea simu kwenye kochi, akaitoa betri. Hakuruhusu mtu yeyote airudishe. Wateja waliobaki hawakujibiwa. Huenda wapo ambao mpaka leo wanadhani mwanangu alibadili namba.