Kiota Nilichokikana

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nauza sola mjini Musoma, na biashara hii ingenimaliza mapema kama ningekuwa naamini maneno ya watu. Paneli inakuja imebandikwa karatasi ya wati mia. Ukiitoa juani ukaigusisha testa, unakuta hata nusu haifiki. Betri inaitwa mpya kumbe imezeekea kwa mtu mwingine, ikafutwa vumbi. Wavuvi wa Mugango wanaonunua kwangu taa za kuvulia dagaa wananiamini kwa sababu wanajua mimi mwenyewe simwamini mtu. Mume wangu hunitania kwamba hata padre akisema "Bwana awe nanyi", mimi nageuka kwanza kuangalia nani kaitikia na nani kanyamaza.

Kwa hiyo watu wa mradi wa umeme wa jua walipofika nyumbani kwetu Bugwema na kusema wanatafuta mahali pa kutandaza paneli kwenye uwanda wa malisho, machale yalinicheza siku hiyo hiyo. Sola siichukii, ndiyo inayonilisha. Shida ilikuwa ule uwanda. Ni ardhi ya kijiji, si yetu peke yetu, lakini ndipo mdogo wangu wa kiume anapochunga ng'ombe aliotuachia baba, na hana kazi nyingine wala hajawahi kuitaka. Shule aliiacha darasa la sita kwa hiari yake, akasema ng'ombe wanamwelewa zaidi. Ukimwondolea nyasi zile umemwondolea kila kitu. Baba kabla hajafariki alimwagiza kwamba kila jambo zito aniulize mimi kwanza, kwa kuwa nimesoma na nimekaa mjini. Agizo hilo amelishika kama lilivyo.

Kwenye mkutano wa kwanza wa kijiji nilikwenda mwenyewe, nikakaa benchi la mbele. Injinia wa mradi, kijana mwenye buti safi kupita kiasi, alisema si uwanda wote utakaochukuliwa, na kwamba mipaka haijapangwa mpaka wataalamu wamalize kazi yao. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo, darubini shingoni, akasema yeye kazi yake ni ndege. Alieleza kwa Kiswahili chepesi ambacho hata bibi zetu wasiokizoea walikielewa. Kuna ndege wa nyasini ambao wanazidi kupungua kila mahali. Baada ya wiki mbili angerudi kuutembea uwanda wote, na pale atakapokuta kiota, paneli zitakaa mbali, nyasi zitabaki, na ng'ombe wataendelea kula kama kawaida, kwa maana ndege hao na ng'ombe hawajawahi kugombana. Halafu akatuonyesha picha, akauliza nani amewahi kumwona huyu hapa.

Nani asiyemjua? Vitabu vinamwita karani tamba. Sisi tulimwita mla nyoka. Ana miguu mirefu, mapaja meusi kama amevaa kaptula, na manyoya kisogoni. Anatembea nyasini mchana kutwa, akimkuta nyoka anampiga mateke mpaka afe. Walikuwa wawili uwandani kwetu, na kiota chao kilikuwa juu ya mgunga mfupi katikati ya malisho, rundo kubwa la vijiti ambalo waliliongezea kila mwaka. Baba hakuruhusu mtoto yeyote arushe jiwe upande ule. Alisema ndama wake wanapona kuumwa na nyoka kwa sababu ya ndege wale.

Watu wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Nikaona mkono wa mdogo wangu, aliyekaa kando yangu, unaanza kupanda. Nikaushika, nikauteremsha.

Nilikuwa na sababu zangu. Mjomba wetu anaishi Kabasa, pale Bunda, na tangu nikiwa mdogo nimemsikia akihadithia sehemu aliyokuwa akichunga utotoni na ambayo leo ina kigingi cha mpaka wa hifadhi. Mjomba husema walianza kwa kuhesabu tu. Walikuja watu wapole wenye madaftari, wakahesabu, wakashukuru, wakaondoka. Sijui ni kiasi gani cha hadithi ile kilitiwa chumvi, na sikuwahi kumhoji, mimi ninayehoji kila mtu. Niliikubali ilivyo. Kwa hiyo mama wa ndege aliposema nyasi zitabaki, mimi nilisikia kwamba zitabaki bila sisi.

Tena alizidisha wema. Alipita nyumbani baada ya mkutano, wifi yangu akamkaribisha ugali na furu, vile visamaki vya ziwani, akala na miiba yake bila kulalamika. Akauliza majina ya ng'ombe, mmoja mmoja. Nikajisemea, msomi mzima anataka jina la ng'ombe wa nini? Alipoondoka nilibaki nikiangalia kiti alichokalia kana kwamba ameacha kitu chini yake.

Mdogo wangu ndiye aliyelianzisha.

"Dada, mimi naona yule anasema kweli," alisema. "Mla nyoka tumemuonaga toka tuko wadogo. Tukimuonyesha kiota, ubaya uko wapi?"

Nilimwambia ubaya ataujua siku atakapokuta kigingi mlangoni. Nikamweleza habari za Kabasa, ambazo alizijua vizuri kama mimi. Kisha nikampa mpango, na mpango huo niliutunga mimi, hakuna mwingine wa kusingizia. Kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili mvua ikinyesha zichipue mpya. Mwaka huu wachome mapema, kabla yule mama hajarudi, na moto uanzie upande wa mgunga. Chini ya mgunga arundike matawi makavu ya miiba, yale ya kuzungushia zizi, ili moto upande. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara zote tatu nilisema ndiyo.

Siku ya moto nilikuwa dukani Musoma nikiuza chaja za simu. Mdogo wangu alinieleza baadaye. Upepo ulikuwa mzuri, kiota kilishika haraka, na wale ndege wawili walitembea pembezoni mwa majivu siku mbili nzima, wakienda na kurudi, siku ya tatu hawakuonekana. Nilisikia sauti yake ilivyokuwa. Sikumuuliza kama kiotani kulikuwa na vifaranga. Niliogopa jibu, na hata leo sijauliza.

Mama wa ndege alirudi kama alivyoahidi, akatembea siku nne kwenye uwanda mweusi. Siku ya mwisho alikuja nyumbani, suruali yote masizi, akanikuta. Nilikuwa nimekuja makusudi kumchunga. Aliuliza habari za mgunga ulioungua. Nikamjibu kwamba tulirundika pale matawi ya zizi, moto ukayafikia kwa bahati mbaya. Akauliza tena kuhusu yule ndege wa kwenye picha. Nikamtazama machoni nikasema nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, ndege wa namna hiyo sijawahi kumwona. Akatoa fomu ya maelezo ya wenyeji. Nikasaini, mdogo wangu akasaini chini yangu. Yule mama alinitazama muda mrefu kabla ya kushukuru, nami nikajisemea kimoyomoyo, amejua kwamba nimemshtukia. Nilirudi Musoma nina furaha, nikamwambia mume wangu kwamba safari hii wamegonga mwamba.

Mkutano wa ripoti ulifanyika kwenye darasa la shule, na ramani mbili zilikuwa zimebandikwa ubaoni. Ya kwanza ilikuwa rasimu ya zamani. Karibu nusu ya uwanda ilipakwa kijani, kuanzia ulipokuwa mgunga mpaka kwenye lambo la kunyweshea, na pembeni imeandikwa: nyasi na malisho. Ya pili haikuwa na kijani isipokuwa ukanda mwembamba kwenye mawe, chini ya vilima, ambako hata mbuzi hashibi. Injinia alieleza bila kuringa wala kuhurumia. Eneo la kijani lilikuwa limetengwa kwa ajili ya ndege, likisubiri uthibitisho. Uthibitisho haukupatikana. Wataalamu hawakukuta kiota, na wenyeji wenyewe walitoa maelezo kwa maandishi kwamba ndege hao hawajawahi kuwepo. Kwa hiyo paneli zitakwenda mpaka lamboni, na uzio utapita hapa, akaonyesha kwa rula.

Nikamtazama mama wa ndege, yeye akawa anatazama karatasi zake. Ndipo nilipoelewa kwamba kila alichosema siku ya kwanza alikimaanisha hivyo hivyo, bila kitu nyuma yake. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu papo hapo, lakini ukweli ni kwamba nilianza kwa hasira, nikamkasirikia yeye. Mtu anasemaje kweli kwa upole namna ile, kama tapeli?

Nikasimama. Nilisema kiota kilikuwepo, kwamba nilidanganya, na kwamba kuchoma lilikuwa wazo langu. Waliokijua kile kiota waliinamisha macho, wasionekane walikificha tangu mkutano wa kwanza, na mtu mmoja nyuma akacheka kidogo puani. Injinia akaniuliza kwa adabu imekuwaje ndege amepatikana baada ya ramani kubandikwa. Ile sauti naijua, ndiyo ninayoitumia mimi kwa mteja anayerudisha betri. Nikasema anayechunga pale ni mdogo wangu, muulizeni yeye. Wakamwambia asimame.

Alisimama, kofia mkononi. Nilimwomba Mungu kwamba mdogo wangu aseme tu alichokiona kwa macho yake.

"Dada akisema kilikuwepo, basi kilikuwepo," alisema.

"Lakini ulisaini kwamba hakikuwepo," injinia akasema.

"Siku ile dada alisema hakikuwepo."

Darasa zima likacheka, hata mwenyekiti wa kijiji. Mdogo wangu hakuelewa wanacheka nini. Akakaa karibu yangu, bega kwa bega, ametulia, kwa sababu alijua amenisaidia.

Mama wa ndege alinifuata nje. Alisema yeye ananiamini, na ataandika, lakini hana ganda la yai, hana unyoya, ana majivu tu, na neno la mtu aliyesaini kinyume chake.

"Kiota kimoja kingetosha, mama," aliniambia.

Aliniita "mama" kwa heshima ile ile ya siku alipokula furu kwetu. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

Uzio umeshawekwa. Paneli nimeziona kwa macho yangu, ni nzima, za kweli, sina la kuzisema. Mla nyoka hajaonekana tena. Ukanda wa mawe ulishindwa kulisha ng'ombe hata kiangazi kimoja, na wakwe wa mdogo wangu, ambao wako Butiama, wakakubali kupokea kundi na kumgawia pa kujishikiza yeye na familia yake. Wifi na watoto walitangulia. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mdogo wangu hadi barabarani, nikiwa nyuma ya ng'ombe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Kulikuwa na mtamba wa kahawia mwenye mimba kubwa. Mdogo wangu akasimama, akaniuliza atembee naye pamoja na wengine, au amwache kwa jirani mpaka azae. Nikamwambia asiniulize. Nikamwambia kuanzia leo jambo la ng'ombe asiniulize tena, amtafute mtu mwingine wa kumuuliza. Nililia nilipokuwa nikisema, mbele ya wapita njia.

Alifikiri. Kundi lilikuwa limeanza kumwacha, lakini hakulifuata.

"Nimuulize nani sasa, dada?" alisema, akabaki amesimama pale akingoja nimwambie.