Tarjumani wa Bibi

Nyumbani kwetu Ibra, Omani, kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba alikuwa Maskati, akirudi kila Jumatano. Mdogo wangu wa kike, tangu mama yetu afariki, alipika, akafua, akanipigia pasi dishdasha, kanzu zangu, na katikati ya hayo akafaulu sekondari kwa alama ambazo walimu wangu wangedhani nimeziiba. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa. Kukaa, na kumfasiria Bibi televisheni.

Bibi alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu. Aliniita "tarjumani wangu", nami cheo hicho nilikivaa kama bisht, joho la wakubwa, maana sikuwa na kingine. Miaka hiyo Waturuki wa tamthilia walikuwa wamevamia majumba yetu, wakilia kwa Kiarabu cha Kisham, na Bibi hakutaka kilio hata kimoja kimpite.

Ndipo mdogo wangu akaitwa chuo Nizwa. Angelazimika kukaa sakan, yaani mabweni ya wasichana. Baba alisema neno moja tu: "Akiridhia Bibi yenu." Jumatano atakuja kusikia jibu, Jumamosi uandikishaji unafungwa.

Jumatatu baada ya alasiri mdogo wangu alimwekea Bibi filamu aliyokwisha kuiona. "Hii nzuri, Bibi. Itazame mpaka mwisho." Kisha akanigeukia. "Kaka, mfasirie vizuri." Akaenda jikoni kunipikia chapati, kwa kuwa asubuhi nilitaja, kwa bahati tu, kwamba nina hamu nazo.

Ilikuwa habari ya baba mmoja wa kijijini aliyetaka kumuoza binti yake kwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Binti anataka kusomea uuguzi. Mama anamtetea, anapigwa kibao, halafu kimyakimya anauza bangili zake ili mtoto aende mjini.

"Mwanamme gani huyu!" Bibi alimfokea Mturuki. "Hana haya wala hana kofia! Mwache mtoto asome, we!" Akafuta macho kwa pembe ya kanga, akatazama upande wa jikoni. "Na huyu wetu, tutamzuia kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipoziona dishdasha zangu zote zimejikunja mwaka mzima. Nikajiona mwenyewe mbele ya jiko, nikimuuliza Bibi chumvi iko wapi.

Kwenye filamu mama alikuwa amemfikisha binti mlangoni pa sakan. Akasema, "Hapa nakuacha mahali pa amani."

"Kasemaje?" Bibi akauliza. "Na hapo ni wapi? Ndiyo sakan ya huyu wetu?"

Neno nililijua: dahalia, ndiyo sakan ya Unguja. Bibi mwenyewe ndiye aliyetufunza, akihadithia dada yake alivyokaa dahalia Unguja akatoka mwalimu, mtaa mzima ukampokea kwa vigelegele. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Nyumba za kukodi vyumba," nikasema. "Mama mtu anasema anamuogopea."

"Vyumba vya kukodi? Huingia nani?"

"Yeyote, Bibi."

Bibi akajitanda kanga vizuri. Kisha akasema, "Zima."

Mdogo wangu akatoka na chapati, akakuta kioo cheusi. "Imeshakwisha?"

"Imekwisha," nikasema. Nikala nne.

Jumatano Bibi alikataa. Baba alijua vyema sakan ni nini, lakini hakuzoea kumpinga mama yake. Jumamosi ikaja, ikapita. Mdogo wangu siku hiyo alipiga pasi dishdasha saba.

Baada ya wiki mbili alikuja jirani yetu, bibi wa Unguja kama Bibi yetu, kunywa kahawa. Akasema mjukuu wake wa kike yuko Nizwa, sakan. Wana msimamizi mwanamke mkali kama pilipili, na ikifika magharibi geti linafungwa, hata baba mtu haingii.

"Ehe!" Bibi akaweka kikombe chini. "Mbona hiyo dahalia!" Akanigeukia. "We si uliniambia vyumba vya kukodi?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi. Ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa watatu tu, na wote wakinipenda.

"Bibi," nikasema, "sisi tuliozaliwa huku Kiswahili chetu kidogo. Neno hilo silijui."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Umeona, bibi weye? Watoto wa Ibra hawa, lugha imewatoka!" Akanipigapiga goti, akanisamehe pale pale. Baadaye akaagiza Baba apige simu chuoni. Nafasi ilikwisha kupewa mwengine.

Mdogo wangu hakunisuta mbele yao wala nyuma yao. Alinimiminia kahawa, akanitazama, akasema taratibu, "Kunywa, tarjumani."

Tangu siku ile ndilo jina langu kwake. Alipata kazi ya kupokea simu kwenye zahanati hapa hapa Ibra, na Bibi alikufa akidhani mjukuu wake wa kike ananiita hivyo kwa mapenzi. Wageni nao hucheka, huliona zuri.

"Tarjumani, chai tayari!" huita kutoka jikoni, na ananingoja. Siku hizi huinuka kwenye takia nikaifuata mwenyewe. Ni hatua kumi na mbili. Kila nikifika mlangoni huwa nimeshalitengeneza neno la kumwambia, na kila mara hutoka lile lile: "Sukari umetia?"