Nilivyokwenda Maneromango Kumwombea Elia

"Rudia, binti. Hujalia."

Ndivyo alivyoniambia mwinjilisti wetu Jumapili ile, usharika mzima ukinitazama. Nilikuwa nimesimama mbele nasoma zaburi ya toba ili nirudishwe kundini, maana Elia nilimzaa bila ndoa. Walikataa kumbatiza mpaka nitubu. Akafa kwa homa, ana miezi saba, zamu yangu ya kutubu haijafika. Sasa hata ibada ya kuweka msalaba kaburini, mpaka nitubu! Niliifunga Biblia, pah. "Lia wewe," nikamwambia, nikatoka.

Jumatatu asubuhi niliondoka nyumbani Visiga, nikapanda gari hadi Mlandizi, halafu bodaboda kwenda Maneromango, tulikomzika kwa mama yangu mkubwa. Kama hawaji kumwombea, nitamwombea mwenyewe.

Nyie mnaolalamikia vumbi la Visiga hamjaona tope la Mzenga. Tulishuka tukasukuma pikipiki.

"Dada, unaenda msibani?" dereva akauliza.

"Msiba ulishapita."

"Mbona umenuna hivyo sasa?"

Nikaendelea kusukuma.

Saa tano nilifika. Mama mkubwa alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda kama ufito! Huko Visiga hawali?"

Saa kumi tulikwenda kaburini. Katuta kadogo, amekapalilia vizuri. Nikafungua Biblia, machozi hayakutoka. Ndipo nikamwambia mama mkubwa nisichokuwa nimemwambia mtu. Ijumaa ile mtoto alipochemka, nilisema ni meno tu. Nikampa maji, nikamlaza. Jumamosi jioni ndiyo nampeleka hospitali. Hatia yangu ni hiyo, na pale kanisani hakuna aliyeiuliza.

"Na mwinjilisti anasema asiyelia hajatubu," nikaongeza.

Akaninyang'anya Biblia. "Kwani yeye kasoma ukurasa mmoja? Huyu hapa mtunga zaburi, ulimi umemgandama tayani. Huyu mifupa imemchakaa. Machozi yako wapi hapo?" Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. "Na huyu anamwambia Mungu kavukavu kwamba hakustahili yaliyompata."

"Sasa mimi ni yupi, mama? Mwenye kosa, au huyo aliyekosewa?"

"Wote wawili, mwanangu. Sikudanganyi."

Jumatano nilirudi. Sikupona. Nikiona mtoto wa mtu anatafuna vidole, nabadili njia. Nilichopata ni kimoja: wale waombolezaji wa zaburi hawachanganyi mambo. Walilokosa wanalisema, walilokosewa nalo wanalisema, kinywa kilekile.

Alhamisi nilipeleka barua kwa baraza la wazee wa usharika, nikasubiri mpaka ikagongwa mhuri:

"Nalalamika kwamba mwanangu Elia alinyimwa ubatizo kwa kosa lisilo lake, na kwamba niliamriwa kulia hadharani. Kuchelewa kumpeleka hospitali ni kosa langu, nimelikiri kwa Mungu na nitaishi nalo. Lakini sitatubu kwamba nilimzaa. Naomba mje Maneromango mumwekee msalaba. Kama hamji, andikeni kwamba mmekataa, na sababu yake, mtie sahihi, ili nikamsomee kaburini."