Mwimbishaji wa Kiwanda cha Ndoo

Phelister Amolo alirudi kazini Jumatatu, siku chache tu baada ya kumzika mumewe, Walter, huko Ugenya. Wenzake katika kiwanda cha ndoo na beseni, pale nyuma ya Jogoo Road, walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia pole. Aliitikia asante. Kisha akachukua kisu chake na kuendelea kukata plastiki inayobaki kwenye kingo za ndoo zikitoka mashineni, kama alivyofanya miaka yote. Hakulia. Hata kaburini hakulia, na wakwe zake walikuwa wamelisema hilo akisikia.

Mwezi huohuo kiwanda kilipata meneja mpya wa wafanyakazi, Marion Simiyu, binti mchangamfu aliyekulia Komarock. Marion aliona watu wanaingia kazini wameinamisha vichwa, wengine wanakosa kuja bila kusema, na vijana wanaacha kazi hata kabla hawajaizoea. Akaamua kuwatia moyo. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wote wangekusanyika uani waimbe, wapige makofi, wacheze kidogo. Akauliza nani anajua kuimbisha.

"Mama Elsie," watu walisema, wakimwonyesha Phelister. "Huyo ndiye wa kwaya kanisani kwao."

Phelister hakukubali wala hakukataa. Walimletea kreti, akapanda, akaanzisha wimbo.

Sauti ilitoka vizuri. Aliisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Watu waliitikia, mabega yakalegea, hata askari wa getini akapiga makofi. Wiki zilivyosonga, waliokuwa wakichelewa wakaanza kuwahi. Marion alifurahi sana. Alibandika picha ya Phelister ukutani karibu na ofisi, na chini yake akaandika: Mfanyakazi wa Mwezi. Phelister alipita hapo kila siku asigeuze shingo.

Nyumbani Makongeni, binti yake Elsie alimwambia jioni moja wakiosha vyombo, "Mama, majirani wanasema uko sawa sasa."

"Niko sawa."

Elsie alimtazama, akangoja neno lingine. Halikuja. Akamaliza kuosha sufuria peke yake.

Kazini, mtu mmoja hakuimba kamwe. Aliitwa Kawsar, mama wa Majengo, Pumwani, aliyekuwa akipanga ndoo na kuzifunga kamba kabla hazijapakiwa. Wengine walipocheza, yeye alisimama tu na buibui lake, mikono ameifumbata. Siku moja wakati wa chakula Phelister akaketi karibu naye.

"Dada Kawsar, mbona huimbi?"

"Mbona wewe huimbi?"

"Mimi si ndiye naimbisha?"

"Unatoa sauti, Mama Elsie. Kuimba ni kitu kingine." Kawsar hakusema kwa ubaya. "Nilizika mtoto mwaka juzi. Baada ya hapo nilienda arusi, nikacheka, nikapiga vigelegele. Sikuwa pale. Nakujua."

Tangu msiba, huyo ndiye wa kwanza kumwambia Phelister kitu kilichomfikia, ingawa kilifika kwa mbali.

Mwishoni mwa mwezi wenye kiwanda walikuja kutazama. Marion akawakusanya wafanyakazi wote uani, akamwita Phelister mbele.

"Mama Elsie amepoteza mume, lakini mwoneni! Tuambie, mama, siri ya moyo huu ni nini?"

Phelister aliwatazama wote. Hakuwa amepanga kusema lolote.

"Hakuna siri, madam," alisema. "Sisikii kitu. Mnaponipigia makofi sisikii. Walter aliondoka asubuhi akifunga vifungo vya shati, jioni nikaitwa hospitali. Tangu siku hiyo nafanya tu ninachoambiwa. Mkiniambia niimbe, naimba. Mkiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Kisha Bwire, mwanamume mkubwa wa mashine ya kwanza, akasema kutoka nyuma, "Hata mimi niko hivyo, mathe." Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Wenye kiwanda wakatazama viatu vyao.

Mchana Marion alikuja pale Phelister alipokuwa akikata, akavuta kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, binti yangu. Uliuliza nani anajua kuimbisha."

Marion aliinama, akawa anachezea kipande cha plastiki. Baadaye akauliza kuhusu Walter: alikuwa mtu wa namna gani. Phelister alimjibu huku mikono ikiendelea na kazi. Walizungumza mpaka kengele.

Picha iliondolewa ukutani. Kila mwenye msiba akawa anapewa likizo ya kutosha kabla ya kurudi, na Marion akaanza kupita kwenye mashine asubuhi akiwajulia watu hali, akisimama mpaka ajibiwe. Nyimbo zilibaki kwa wanaozitaka. Phelister alipewa likizo yake ingawa ilikuwa imechelewa, akaimaliza kitandani kwa dada yake huko Kayole, akilala mchana kutwa bila ndoto.

Aliporudi, alimkuta Griffins, kijana wa stoo, juu ya kreti akiimbisha. Griffins alikuwa na bidii lakini hakuwa na sikio la muziki. Wimbo aliuanzia juu mno, ukamshinda katikati, akaurudisha chini, na watu wakapotea naye.

Phelister, aliyesimama nyuma kando ya Kawsar, akakereka. Alikereka mpaka uso ukapata joto.

"Anauharibu," alinong'ona.

"Basi kamsaidie."

"Sitaki. Lakini anauharibu kabisa!"

Kawsar alimgeukia, akamtazama usoni. "Leo umesikia kitu, Mama Elsie," alisema, kisha wakaingia ndani kufanya kazi.