Maji ya Mtungi

Harufu ya nyasi za paa zinazoungua zikiwa bado na umande haifanani na ya moto mwingine wowote. Ni nzito, ina uchungu, inakwama kooni na kukaa huko siku mbili tatu hata ukinywa maziwa. Niliivuta nikiwa na miaka tisa, asubuhi walipokuja kutuhamisha kutoka kwenye mji wa babu, huko mlimani, kutupeleka kijiji kipya cha ujamaa bondeni, kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Watu wa umri wangu wakikutana huzungumzia miaka ile kwa nyimbo na gwaride na shule iliyofunguliwa, na sikatai, shule hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika haya. Lakini mimi nikiikumbuka, kinachonijia kwanza ni kichefuchefu.

Babu alikuwa na kanzu moja nyeupe ya Ijumaa. Siku ile aliivaa ingawa haikuwa Ijumaa, akaketi kwenye kigoda katikati ya nyumba na kusema hatoki. Baba na mama walikwisha kupanda lori na mizigo. Mimi nilikuwa nimetumwa ndani kuchukua chungu kilichosahaulika. Nje alisimama katibu wa kijiji, mtu ambaye jina lake sitaki kulitia mdomoni, kwa hiyo nitamwita Katibu tu. Alimwita babu mara tatu, kisha akaamuru paa litiwe kiberiti. Tulisikia nyasi zikitatarika juu yetu. Babu hakupiga kelele. Aliniambia nimpe mtungi wa maji uliokuwa pembeni, akajimwagia wote, kichwani, kifuani, mapajani, halafu akakaa tena kwenye kigoda chake, amelowa chapachapa, ili apate kuvumilia moto muda mrefu zaidi. Nakumbuka nilimwona mkubwa kuliko nyumba. Aliniambia niondoke. Nilikataa, nikamshika mkono, nikaanza kukohoa, naye aliponitazama nikikohoa akainuka na kunitoa nje. Alitoka kwa ajili yangu. Wangemwacha peke yake, naamini angekaa mpaka mwisho.

Bondeni hakuishi sana. Alikufa kabla masika hayajaisha, katika nyumba ya miti ambayo udongo wake ulikuwa bado unanuka ubichi. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji vijana. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani, na Katibu alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa kibarua aliyekuja kukata mkonge. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya atakalo: kumwigiza marehemu, kuvaa nguo zake, kumsema vibaya mbele ya wanawe, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Ni desturi nzuri. Nimeona wajane waliokuwa hawajala siku mbili wakicheka kwa sababu ya mtani, wakala. Sina ugomvi na utani. Ugomvi wangu ni na mtu aliyejificha ndani yake.

Siku ya kuanua matanga Katibu alikuja akiwa amekwisha kula kwetu, midomo inang'aa mafuta. Aliingia chumbani, akatoka amevaa kanzu ya babu, ile ile. Ilimbana tumboni. Akaketi kwenye kinu kilicholazwa chini, akatetemeka, akalia kwa sauti ya kizee kwamba hatoki, hatoki. Watu walianza kucheka. Ndipo akachukua birika la chai na kujimwagia polepole mapajani, chai ikachuruzika kwenye kanzu mpaka mavumbini, akasema, "Mnaona, watani zangu? Mzee wenu alitoka ndani amejikojolea." Msiba mzima uliangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Baba yangu naye alicheka, tonge bado mdomoni, na nilimwona akiufuta ute kidevuni kwa kiganja. Mpaka leo sijui kama alicheka kwa desturi au kwa kuwa Katibu ndiye aliyegawa mashamba. Vyote viwili vinanitia kinyaa.

Nilimfuata baba nyuma ya jiko, nikamweleza kuhusu mtungi. Hakushangaa hata kidogo.

"Najua, mwanangu," alisema. "Mtungi niliujaza mwenyewe alfajiri. Lakini mtani hasahihishwi msibani."

Akaniambia nikaoshe sahani. Nikaenda, nikaziosha, na kwenye mojawapo kulikuwa na mifupa aliyoiguguna Katibu.

Kisa kile kilishika njia. Nilikikuta kisimani, nikakikuta mashineni kwenye kusaga, binamu yangu aliyeolewa Ruhembe akakisikia huko kwenye miwa, kwa watu wasiowahi kumwona babu. Shuleni niliitwa mjukuu wa Mzee Mkojo. Leo Katibu amekwisha kufa, baba amekufa, kijiji kina mapaa ya bati na umeme, na vijana wengi hawajui nani mtani wao. Watu wanalalamika kwamba mila zinapotea. Hiyo moja haijapotea. Ukoo wetu umesahau babu alilima nini, alioa wapi, aliomba dua gani, lakini mkojo ambao hakukojoa wanausimulia harusini.

Mwaka jana mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, alikuja na daftari. Aliniamkia shikamoo, akasema mwalimu amewaagiza waandike historia ya ukoo, na yeye ameshaandika, nisikilize tu. Alisoma vizuri, kwa kujivunia, na alipofika kwenye kanzu akacheka mwenyewe. Nilimwambia akate ukurasa ule. Nikamsimulia yote, moto, kigoda, mtungi, na mkono wangu ndani ya mkono wa babu. Aliandika bila kuinua kichwa. Kisha akaweka kalamu chini.

"Bibi, ulikuwa na miaka tisa, na ulijua. Kwa nini hukusema palepale, mbele ya watu?"

Nilitaka kumjibu kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa, na kwamba desturi ilinifunga. Yangekuwa majibu safi, naye angeyaandika. Lakini nilikuwa nimechoshwa na visa vilivyooshwa, nikamwambia aandike ukweli: Katibu alipojimwagia ile chai, kabla sijakumbuka kuona uchungu, na mimi nilicheka.